Nani Aliyeacha Vidonge?

Katika matanga mtu husikia maneno ambayo siku nyingine asingeyasikia, kwa maana huzuni huilegeza midomo. Hivi karibuni tulikuwa tumeketi pamoja na wafiwa katika nyumba moja ya Kirumba, hapa Mwanza, si mbali na soko la Mwaloni ambako dagaa wa ziwani hupimwa na kufungwa magunia. Aliyefariki alikuwa mama kijana. Alijifungua mtoto wake wa tatu usiku, akatokwa na damu nyingi, akakata roho kabla ya mapambazuko. Mtoto yu hai. Wanawake walipokuwa wakikusanya nguo za marehemu walikuta sandukuni, chini ya kanga, vifuko vinne vya vidonge vya kuongeza damu, vile ambavyo wajawazito hupewa kliniki. Vitatu vilikuwa havijafunguliwa. Habari ikatoka chumbani hadi uani, ikatoka uani hadi mkekani walikoketi wanaume, na mzee mmoja wa ukoo akatikisa kichwa, akasema: "Si alipewa dawa? Akaifungia sandukuni. Sasa tumlaumu nani?"

Hakuna aliyemjibu. Mume wa marehemu aliinama akakuna ardhi kwa kijiti. Sisi nasi hatukumjibu, kwa kuwa matanga si mahali pa mabishano, na mzee yule alikuwa amefiwa kama wengine. Lakini swali lake tulitoka nalo, na tangu siku ile halijatuacha. Yeye aliliuliza kama mtu aliyekwisha kupata jibu. Sisi twaona kwamba ni swali la kweli, nalo lataka jibu la kweli: mama akipewa dawa ya kila siku asiimeze, aliyeiacha ni nani?

Yatupasa kwanza kusema jambo moja, tusije tukamwonea marehemu wala walio hai. Hakuna mtu ajuaye kama vidonge vile vingemwokoa mama yule. Damu ya uzazi hutoka kwa sababu nyingi, na nyingine humpata hata mwanamke mwenye afya njema aliyefuata kila shauri la mkunga. Lakini hili lajulikana: mwenye damu ya kutosha akitokwa na damu anayo akiba ya kumshikilia mpaka msaada ufike, naye mwenye damu hafifu hana akiba hiyo. Kiasi kile kile cha damu ambacho mmoja angekipoteza akabaki akiomba maji ya kunywa, mwingine humpeleka kaburini. Kilima cha Bugando, penye hospitali kubwa iliyofunguliwa mwaka wa 1971, chaonekana kutoka sehemu nyingi za mji wetu. Lakini kuiona hospitali na kufika hospitali usiku wa manane ni mambo mawili.

Vidonge vyenyewe ni nini? Ndani yake mna madini ya chuma na asidi ya foliki. Mimba inapokua, maji ya damu ya mama huongezeka kwa karibu nusu ya kiasi chake cha kwanza, na chembe nyekundu hazina budi kuongezeka ziyafuate. Tena mtoto hujiwekea chuma chake mwenyewe, na kondo la nyuma huchukua fungu lake. Hesabu ya wataalamu ni kwamba mimba moja yataka yapata gramu nzima ya chuma. Gramu moja ni kitu kidogo, uzito wa punje chache za mahindi. Lakini mwili hauwezi kuipokea kwa siku moja, wala kwa juma moja. Tumbo hupokea sehemu ndogo tu ya kile kinachomezwa, na lililobaki hutoka, ndiyo maana choo huwa cheusi. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka wa 2016, liliagiza kila mjamzito apewe kila siku miligramu 30 hadi 60 za chuma na miligramu 0.4 za asidi ya foliki, muda wote wa mimba. Kila siku, si siku ya kizunguzungu tu, wala si juma la kwanza baada ya kliniki.

Habari ya asidi ya foliki ni nzuri, na twapenda kuisimulia. Mwaka wa 1928 daktari mmoja mwanamke wa Kiingereza, Lucy Wills, alikwenda Bombay kuchunguza ugonjwa wa damu uliokuwa ukiwaua wajawazito maskini, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Aliangalia vyakula vyao, akaona kwamba ugonjwa huo wafuata umaskini wa chungu. Kisha akawapa wagonjwa dondoo la hamira, kitu cha bei ndogo, nao wakapona. Habari hiyo aliitangaza mwaka wa 1931, asijue bado ni kitu gani ndani ya hamira kilichofanya kazi. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1941, wataalamu wa Marekani walikitoa kitu hicho katika majani ya spinachi, wakakiita kwa neno la Kilatini *folium*, yaani jani. Basi kidonge kinachodharauliwa sandukuni ni jamaa ya mchicha. Mwaka wa 1991, uchunguzi uliofanywa katika nchi 7 chini ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza ulionyesha zaidi: wanawake waliokwisha kuzaa mtoto mwenye kasoro kama ile iitwayo mgongo wazi, wakipewa asidi ya foliki tangu kabla ya mimba kuingia, hatari ya kuzaa mwingine wa namna hiyo ilipungua kwa karibu robo tatu. Tena uti wa mgongo wa mtoto hufungika katika siku 28 hivi za mwanzo, wakati mama wengi hawajajua hata kama wana mimba. Kwa hiyo anayengoja mimba ionekane ndipo aende kliniki amekwisha kuchelewa kwa jambo hilo moja, ingawa kwa ajili ya damu hajachelewa.

Hapo huenda msomaji akauliza: haya ni mambo ya waganga, mhariri anaingiaje? Na mwingine atacheka waziwazi, kwamba padri, asiyebeba mimba na asiye na mke, atoa hotuba juu ya vidonge vya wajawazito. Cheko hilo twalikubali. Hatuna la kumfundisha mwanamke juu ya kichefuchefu. Lakini swali la mzee wa matanga halikuwa la kiganga. Alisema *tumlaumu*, na palipo lawama pana wajibu; na wajibu ni jambo ambalo kila mtu mwenye akili ana haki ya kulipima.

Tulipokuwa seminari kuu tulisoma katika Aristotle kwamba mtu hawi mwema kwa kuyajua mema, bali kwa kuyatenda mara kwa mara mpaka yawe tabia. Nasi vijana tuliandika hayo madaftarini, tukadhani tumeyaelewa. Kumbe tabia nyingi tulizoziita zetu zilikuwa za kengele. Kengele ililia, tukaamka, ililia, tukaenda kusali, ililia, tukala. Siku tulipotoka pale tukapewa chumba kisicho na kengele, tuligundua jinsi fadhila zetu zilivyokuwa chache. Twasema haya kwa sababu mama wa Kirumba hupewa vifuko vya vidonge pasipo kengele, kisha huulizwa mbona hakuamka.

Tena kidonge hiki ni kigumu kuliko dawa nyingine, si kwa ukubwa wake bali kwa namna ya malipo yake. Mwenye homa ya malaria haambiwi mara mbili; homa yenyewe humwita kwenye dawa, na akiimeza kesho yake huona faida. Kidonge cha damu hufanya kinyume. Leo hutoa harufu ya kutu kinywani, huchafua tumbo, hufunga choo au kukifanya cheusi kama makaa. Faida yake yaja miezi mingi mbele, katika usiku mmoja ambao huenda usiwe wa hatari, na fungu kubwa la faida hiyo ni la mtu ambaye bado hana jina. Nayo faida ikija haionekani. Hakuna mama aliyeamka asubuhi ya pili baada ya kujifungua akasema: Tazameni, sikufa. Kuacha ni rahisi kwa sababu aliyeacha hasikii kitu; hata husikia nafuu. Uaminifu wa namna hii, usio na dalili wala shukrani, ni mgumu hata kwa watawa. Basi tusishangae ukimshinda mtu mwenye watoto wawili mgongoni na mguuni, na biashara ya dagaa kichwani.

Sababu za kuacha twazijua, kwa kuwa tumeziuliza. Mama mmoja alituambia kwamba alipoona choo cheusi alidhani anatokwa na damu ndani, akaogopa, wala hakuna aliyekuwa amemwonya. Mwingine hukimeza kidonge alfajiri kwa chai ya rangi, kwa kuwa hana kingine cha kukimezea. Asiye na chakula tumboni hutapika, na chai hiyo hiyo hukizuia chuma kisiingie mwilini. Mwingine alikatazwa na mama mkwe: vidonge humnenepesha mtoto, na mtoto mnene atampasua mama. Wengine huogopa macho ya majirani, kwa maana mwanamke aonekanaje akimeza dawa kila siku, mwezi baada ya mwezi? Watasema ana ule ugonjwa mwingine. Hofu hii si ndogo katika nyumba za kupanga, ambako chumba ni kimoja na ukuta hausitiri kitu. Na wako waliokwenda kliniki wakaambiwa vidonge vimekwisha, wakanunue dukani. Nao wakapiga hesabu ya nauli na ya unga, wakarudi nyumbani.

Mtakatifu Toma wa Akwino alilitazama jambo la kuacha wema usitendwe, naye akakiri kwamba kutokutenda kwaweza kuwa kosa sawasawa na kutenda. Lakini hakuacha pale. Aliongeza kwamba mtu hafungwi na lisilowezekana kwake, wala hana kosa kwa kuacha lile asiloweza. Mzee wa matanga alilishika neno la kwanza, akalisahau la pili. Ndipo nasi twauliza: mama aliyepewa vifuko vinne bila maelezo, bila chakula cha asubuhi, mbele ya mama mkwe anayekataza na mume aliye mbali, je, lilikuwa linawezekana kwake? Katika chumba kile huenda jibu likawa: kidogo tu.

Wala tusidhani kwamba ni mama mmoja. Uchunguzi mkubwa wa afya ya uzazi uliofanywa Tanzania mwaka wa 2015-16 ulikuta wajawazito 57 katika kila 100 wana upungufu wa damu. Wanawake wengi walikuwa wamepewa vidonge angalau mara moja, lakini waliovimeza kwa siku 90 au zaidi walikuwa kama mmoja tu katika watano. Wakati huo mama 556 walikuwa wakifa kwa ajili ya uzazi kwa kila watoto hai 100,000 waliozaliwa. Uchunguzi wa mwaka wa 2022 ulikuta hesabu hiyo imeshuka hadi 104, nasi twawashukuru wakunga na madaktari waliotoka jasho kwa ajili hiyo. Lakini wanne katika watano wakiacha jambo moja, haifai tena kusema kwamba wanne hao ni wakaidi na mmoja ni mwema. Kuna kitu njiani kinachowaangusha.

Hata chakula chetu ni fumbo. Mwaloni pale hushuka dagaa wa ziwa zima, nao dagaa huliwa mzima na chuma chake. Magari huwabeba hadi nchi jirani, na sehemu kubwa husagwa iwe chakula cha kuku. Mama anayewaanika juani hurudi nyumbani na wachache katika kanga, huwagawa kwa mume na watoto, naye hula ugali na mchuzi uliobaki. Unga wake hutoka mashine ya mtaa, si ule wa viwanda vikubwa ambao kwa kanuni za mwaka wa 2011 wapaswa kutiwa chuma na foliki. Pwani yetu ina malaria, ina kichocho, ina minyoo ya safura, na yote matatu huipunguza damu. Na mwili ukilia kwa kukosa chuma, mama hujikuta akitamani udongo, naye hununua udongo wa kutafuna sokoni. Majirani hucheka wakisema ni mimba. Afadhali wangeliona kuwa ni barua ya mwili na kumsindikiza kliniki.

Lipo swali moja ambalo wasomaji waliosoma sana hutuuliza, nao wana haki. Je, si kweli kwamba chuma hukuza malaria? Mwaka wa 2006 ilitangazwa kwamba huko Pemba watoto wadogo waliopewa chuma na foliki walilazwa na kufa zaidi ya wenzao, hata utoaji huo ukasimamishwa. Ni kweli, na ni habari ya kuheshimiwa. Lakini wale walikuwa watoto wachanga, si mama zao. Kwa wajawazito lilichunguzwa pekee. Dar es Salaam wanawake 1,500 walishiriki, na matokeo ya mwaka wa 2015 hayakuonyesha malaria ya kondo kuongezeka kwa waliopewa chuma. Mwaka huo huo, ng'ambo ya ziwa letu hili, katika Nyanza ya Kenya, wanawake 470 walichunguzwa. Malaria haikuonekana kuongezeka, na watoto wa mama waliomeza chuma walizaliwa na uzito uliozidi wa wenzao kwa gramu 150 hivi. Gramu 150 kwa mtoto mchanga si mchezo. Basi chandarua na dawa ya kuzuia malaria viendelee kwenda pamoja na kidonge. Neno moja la tahadhari: anayenunua asidi ya foliki dukani asichukue kile cha miligramu 5 kwa kudhani kikubwa ni bora, maana kiasi hicho hudhoofisha nguvu ya ile dawa ya malaria wanayopewa wajawazito kliniki. Amwonyeshe mkunga kwanza.

Twarudi kwenye wajibu. Ikiwa jambo halikuwezekana kwa mama akiwa peke yake, haifuati kwamba haliwezekani. Laweza kuwezekana kwa nyumba. Nasi twadhani kosa letu sote ni hapo: kidonge huandikwa katika kadi ya mama, basi twadhani ni cha mama. Lakini nani hupika uji wa asubuhi? Nani huamua chai inywewe saa ngapi? Nani hushika fedha ya nauli? Nani akisema neno juu ya ukubwa wa mtoto husikilizwa kuliko mkunga? Kila mmoja wa hao ana mkono wake juu ya kile kifuko. Mama mkwe anayesema "acha" ameacha pamoja naye. Mume asiyejua hata rangi ya vidonge ameacha pia, tena yeye ameacha bila kuhisi kichefuchefu. Mhudumu aliyehesabu vidonge akavisukuma dirishani bila kusema habari ya choo cheusi ameanza kuviacha kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mtu atasema: mwamwondolea mama wajibu wote, mwamfanya mtoto. La hasha. Mwili ni wake, na hakuna awezaye kumeza kwa niaba yake. Akielezwa, akasaidiwa, akashiba, kisha akakataa kwa uvivu tu, hilo ni lake. Lakini kuna hatari nyingine iliyo karibu zaidi nasi wanaume, nayo ni hii: tukisikia kwamba nyumba ina wajibu, tutageuka askari. Twamjua mume mmoja, mtu wa bidii, aliyesikia mafundisho ya kliniki akaanza kuhesabu vidonge kila jioni mbele ya wageni. "Umemeza? Nionyeshe." Mke wake alikuwa akimwonyesha kifuko kinachopungua, na vidonge vikienda chooni. Yule mume alidhani anatimiza wajibu, kumbe ameongeza sababu ya saba juu ya sita zilizokuwapo. Kumsaidia mtu awe mwaminifu si kumlinda kama mfungwa. Ni kuiondoa miiba njiani, kisha kumwacha atembee.

Miiba yenyewe ni midogo, hata twaona haya kidogo kuitaja katika ukurasa huu. Kidonge kikimezwa usiku, baada ya kula na kabla ya kulala, tumbo hutulia kuliko alfajiri. Chai ingoje saa moja au mbili. Kipande cha chungwa au ndimu juu ya mboga hukisaidia chuma kuingia. Dagaa wa mchana wamfikie mama kabla ya kwisha. Aliyesahau jana asimeze viwili leo kwa kulipa deni. Ameze kimoja, aendelee, wala asikate tamaa akaacha vyote, kama wafanyavyo wengi. Anayetapika sana asiache kimyakimya; arudi kwa mkunga, amweleze, apewe shauri. Vidonge viwe mahali pa juu watoto wasipofika, maana chuma kingi ni sumu kwa mtoto mdogo. Na wavuvi wetu, ambao giza la mwezi likiingia huenda ziwani na taa zao wakakaa huko siku nyingi, wanajua kuliko watu wote maana ya kuwasha taa kila usiku, wa samaki na wa bila samaki. Hawawashi kwa sababu wanawaona dagaa. Huwasha ili dagaa waje.

Juma lililopita tulipita tena katika nyumba ile ya Kirumba. Mtoto ananyweshwa maziwa na shangazi yake, na amenenepa. Mdogo wa kiume wa mume, aliyeoa mwaka jana, ana mke mwenye mimba ya miezi minne. Tulikaa uani mpaka giza likaingia, tukala ugali na sato pamoja nao. Chakula kilipokwisha, mzee yule yule wa matanga aliagiza maji ya kunywa. Tulidhani ni yake. Alikipokea kikombe, akakisukuma polepole upande wa mkwe wake, akageuka kutuuliza habari za bei ya dagaa, wala hakumtazama tena.